Shamba la Mwezi wa Tatu

Zamani mtu wa bara akifia Voi alirudishwa kwao kwa garimoshi, jeneza ndani ya behewa la mizigo na historia yake imekwisha kusomwa kwa sauti pale stesheni watu wakiwa wamevua kofia, na siku hizi anapakiwa kwenye gari la kukodi, dereva anaangalia saa, na historia yake imeandikwa na simu.

Mzee Oundo aliyajua yote mawili. Ya kwanza aliyafanya kwa mikono yake mwenyewe, na ya pili aliyashuhudia wiki ile Nabwile alipofariki. Alikuwa amefanya kazi stesheni ya Voi tangu ujana wake, kazi ya kugeuza njia za garimoshi kwa yale manyenzo marefu ya chuma, mpaka reli ya zamani ilipozimika polepole na nyasi zikaota katikati ya mataruma yanayobeba reli. Reli mpya ilipojengwa ilipita kando, juu ya tuta lake, ndani ya ua wake, na haikumhitaji mtu wa kugeuza chochote.

Shule hakuimaliza. Kusoma alijifundisha mwenyewe, na karatasi zake za kujifunzia zilitoka kwa huyu huyu Nabwile, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kuwafungia wateja kwa magazeti makuukuu. Wengine walikula omena wakatupa karatasi. Oundo aliikung'uta magamba, akaianika juani, akaisoma mpaka tangazo la mwisho. Nabwile alipogundua jambo hilo akawa anamwekea ukurasa mzima, usiochanika. "Chukua," alikuwa akimwambia, "usome ya dunia, halafu uje uniambie kama kuna la maana." Oundo alirudi kila mara akasema hakuna, na Nabwile akacheka, akampimia tena.

Hivyo ndivyo mgeuza njia akawa mwandishi. Watu wa Samia, wa Bunyore, wa Ugenya, wote waliokuja Voi kwa sababu ya reli na mashamba ya mkonge, walipofiwa walimwita Oundo aandike historia ya marehemu. Hakuuliza kwanza alizaliwa lini. Aliuliza marehemu alikuwa akicheka nini, na akikasirika alikuwa akienda wapi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na waliomwona waliona kama mtu anayechimba kisima mahali ambapo hakuna dalili ya maji. Alikuwa na imani yake moja: kwamba mwandishi haijui historia mpaka aiandike, na kama ameijua yote kabla ya kushika kalamu, basi hiyo si historia, ni tangazo.

Sasa alikuwa mzee, magoti mabovu, na hakuna aliyemwita tena. Alikwenda mwenyewe.

Matanga ya Nabwile yaliwekwa mtaani Kaloleni, kwenye vyumba viwili alivyokuwa akiishi tangu mumewe Wabwire alipofariki na kurudishwa bara. Binti yake mkubwa, Christabel, alikuwa amefika kutoka Nairobi pamoja na binti yake, Shantel. Oundo aliingia na karatasi zake chini ya kwapa. Christabel alimpokea vizuri, akamletea kiti, akamtilia chai, kisha akamwambia kwa upole asijisumbue, historia ilikuwa tayari.

"Shantel, muonyeshe Babu."

Msichana akamwekea simu mbele ya uso. Oundo akasoma. Marehemu alikuwa mama mwenye upendo, mchapakazi, mcha Mungu, nguzo ya familia, aliyebarikiwa watoto watatu na wajukuu wengi, na ambaye pengo lake halitazibika kamwe.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si ni nyanya, Babu."

"Hapana. Huyu ni nyanya ya kila mtu. Ukibadilisha jina unaweza kumzika nayo mama yeyote kutoka hapa mpaka Taveta."

Waombolezaji waliokuwa karibu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Shantel hakukasirika. Alisema simu imefanya tu vile ilivyoambiwa, na kwamba yeye nyanya yake alimjua wakati wa likizo tu. "Wewe andika yako basi. Lakini ikuwe fupi. Programu inaprintiwa kesho."

Christabel ndiye aliyemwonea huruma, au labda aliona aibu mbele za watu. Akamwambia gari litaondoka keshokutwa asubuhi, baada ya ibada fupi ya kumsindikiza mama. Akiwa amemaliza kufikia hapo, mchungaji atampa nafasi asome.

Oundo akarudi kwake, akakaa barazani, akaandika kwamba Nabwile alizaliwa, akaolewa, akaja Voi, akauza omena. Akasoma. Akaona ameandika kile kile kilichoandikwa na simu, ila polepole zaidi. Akakunja karatasi, akaitumia kuwashia jiko.

Kesho yake asubuhi akaanza na kichekesho.

Kila mtu wa Kaloleni alikijua kichekesho hicho. Huko Samia watu hupanda mwezi wa tatu, mvua kubwa ikianza. Voi mvua ya kutegemewa ni ya mwezi wa kumi na moja. Ile ya mwezi wa tatu hutoa ahadi, ikamwagika siku mbili, ikaenda zake. Kila mgeni kutoka bara hukosea mwaka wa kwanza. Anapanda mwezi wa tatu, mbegu inachipua, jua linaichoma, majirani Wakamba na Wadawida wanamwonea huruma, na mwaka wa pili amekwisha jifunza. Nabwile hakujifunza. Mwaka wake wa kwanza Voi ulikuwa mwaka wa ajabu, masika yalishuka kwa fujo, wimbi lake, yaani ulezi, likakua mpaka magotini. Mvua ya mwaka mmoja ikamdanganya maisha yake yote. Kila mwezi wa tatu alikwenda na jembe kwenye kipande chake ng'ambo ya reli ya zamani, upande wa kuelekea Ndara, karibu na tangi la maji lililotoboka, akapanda wimbi. Kila mwezi wa tano lilikuwa limekauka. Watoto walimwimbia. Wanaume walipotaka kumtania mtu mbishi walisema ana shamba la Nabwile. Oundo mwenyewe alikuwa amekisimulia kichekesho hicho stesheni mara nyingi, na alikisimulia vizuri kuliko wengine.

Alikiandika, kikakaa vizuri kwenye karatasi. Lakini kilimwacha marehemu akiwa mjinga, na huwezi kumsindikiza mtu akiwa mjinga. Akaona aongeze sentensi ya kumheshimu, isemayo kwamba hata hivyo hakuwa mvivu. Akaandika: "Mwezi wa kumi na moja alikwenda kwa jirani yake Kavinya, wakalima pamoja, na ndengu zao zilikuwa nzuri kila mwaka, mimi mwenyewe nimezila."

Kalamu ikasimama.

Alizitazama zile sentensi mbili zilivyokaa, moja juu ya nyingine. Mwanamke aliyepanda ndengu mwezi wa kumi na moja kila mwaka, akavuna, huyo aliijua mvua ya Voi. Aliijua kama Kavinya alivyoijua. Basi hakudanganywa na mtu. Wimbi alilipanda akijua kwamba litakufa.

Oundo akacheka peke yake barazani, mzee mzima, huku upande wa pili wa mtaa watu wakiimba nyimbo za kilio. Mambo yote mawili alikuwa nayo kichwani kwa muda wote huo, na kamwe hayakuwahi kukutana. Yalikutanishwa na kalamu. Furaha ile hakuwa ameionja tangu siku za stesheni, ile furaha ya kuona maneno yamekutangulia njiani na kukuita uyafuate. Aliionea haya, maana mwanamke alikuwa bado yuko mochari. Lakini aliifuata.

Kwa nini mtu apande kitu akijua kitakauka? Akaandika kwamba labda alikuwa akikumbuka kwao, kwamba siku ile ile mama yake huko Samia naye alikuwa ameinama na jembe. Ilipendeza. Akaisoma tena, akaifuta. Ilipendeza mno, na mtu anayekumbuka kwao hupanda mlangoni pake. Hatembei mpaka ng'ambo ya reli kwenye ardhi ya mawe.

Basi akaamua aanze na mwanzo kabisa, ule mwaka wa masika ya fujo, ambao ndio mwaka yeye mwenyewe aliajiriwa. Alikusudia kuandika habari za mvua tu. Akaandika jinsi mito ilivyofura, jinsi reli ilivyokatika huko mbele kuelekea Mtito, jinsi abiria wa kwenda bara walivyojaa stesheni siku baada ya siku. Akaandika, bila kupanga, kwamba miongoni mwao walikuwapo kijana mmoja na mkewe, waliokuja asubuhi wakakaa kwenye benchi la mwisho, na kwamba mke alipakata furushi lililofungwa kwa leso ya maua mekundu. Akaandika kwamba msimamizi alimtuma yeye, Oundo, awaambie abiria garimoshi halitakuja. Watu walipiga kelele, wakatukana, wakakaa juu ya mizigo yao. Wale wawili walibaki kwenye benchi lao. Walikaa mpaka jua likapita katikati, kisha wakaondoka kwa miguu, wakavuka reli, wakaenda upande wa Ndara. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona Nabwile na Wabwire.

Na mkono wake, ambao haukuwa umeambiwa chochote na kichwa, ukaandika: "Furushi lile hakuliweka chini."

Oundo akaweka kalamu mezani. Jua lilikuwa kali, mbuzi wa jirani walikuwa wakikwaruza ukuta. Abiria wote waliweka mizigo yao chini. Mizigo huwekwa chini. Ni mtoto tu anayepakatwa asubuhi mpaka mchana, na mtoto hulia, hunyonya, hutoa mkono nje ya leso. Yule hakulia.

Akainuka, akachukua bakora, akaenda kwa Kavinya.

Kavinya alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani, akipeta ndengu za kupeleka kwenye matanga. Alikuwa mama wa Kikamba aliyezeekea Kaloleni, mdomo mkali, na Oundo alikuwa akimwogopa kidogo.

"Umekuja kuniuliza nilizaliwa lini?" akasema. "Mimi sijafa bado, Mzee."

Oundo hakucheka. Akamwuliza kama Nabwile aliwahi kuwa na mtoto kabla ya Christabel.

Kavinya aliendelea kupeta. Baada ya muda akauweka ungo chini.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nilikuwa naandika."

"Mambo kama hayo hayaandikwi na mtu asiyeambiwa."

"Basi niambie nimekosea, nifute."

Kavinya akamtazama kama anayepima kitu. Akasema hapana, asifute. Mtoto aliitwa Ben. Homa ilimchukua kabla hajatembea, na wazazi walitaka kumpeleka kwao Samia, reli ikawa imekatika, na mwili hauwezi kungoja. Wakamzika ng'ambo, pale penye wimbi, wakaweka jiwe. "Kule shambani nilikuwa namwita Mama Ben," akasema. "Tukirudi huku mjini ni Mama Christabel. Alitaka hivyo. Alisema watoto waliozaliwa nyuma yake wasibebeshwe mzigo huo."

"Na wimbi?"

"Alisema mtoto wa Samia hawezi kulala mahali ambapo hakulimwi kama kwao. Akamlimia, kwa msimu wa kwao. Mimi nilimwambia litakauka. Akaniambia, Kavinya, najua, kwani mimi sina macho?"

Kisha akaongeza jambo ambalo Oundo alilijua na hakutaka kulisikia. Wapimaji walikuwa wamefika kule na vigingi vyao. Ardhi imeuzwa, au imegawanywa, au chochote wanachofanya siku hizi na ardhi ambayo mtu alilima bila karatasi. Na kesho mama anapelekwa bara, na mtoto anabaki peke yake chini ya jengo la mtu.

Oundo alizijua desturi za kwao. Mtu akizikwa ugenini, na siku moja watu wake wakarudi nyumbani, huchota udongo wa kaburi lake wakaenda nao, ukazikwa huko, na hapo huhesabiwa kuwa amefika. Nabwile hakuwahi kuuchota kwa sababu hakuwahi kurudi moja kwa moja. Sasa alikuwa akirudi. Kama Christabel hangejua kabla gari halijatoka Voi, basi.

Angeweza kwenda kumwambia pale pale. Kavinya ndivyo alivyomshauri: nenda, mwambie, rudi. Lakini Christabel alikuwa amezungukwa na wajomba, kamati, watu wa kupika, na jambo kama hilo likitupwa katikati ya hesabu za sufuria litapokewa kama uvumi wa mzee. Na palikuwa na sababu nyingine, ya kiburi. Historia ilikuwa imemjia kwa mpango wake, kwanza mvua, kisha kicheko, kisha ndengu, kisha benchi, na aliona kwamba mtu akipita njia hiyo atafika kwenye furushi kama yeye alivyofika, akiwa hana pa kukimbilia. Aliandika upya mpaka usiku, akaishia kwenye kaburi na udongo wake. Mstari wa furushi aliuacha ulivyokuja. Alipomaliza, mkono ulikuwa umekakamaa na moyo ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimtia hofu.

Asubuhi ya safari jeneza liliwekwa uani juu ya viti viwili. Watu walikuwa na vijitabu vya rangi vyenye picha za Nabwile, picha nzuri. Shantel alisoma ya simu, machozi yakamtoka alipofika kwenye pengo lisilozibika, na Oundo akakubali moyoni kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli hata kama maneno yalikuwa ya kila mtu. Kisha mchungaji akamwita Mzee Oundo, akamwomba awe mfupi kwa sababu njia ni ndefu.

Oundo akavua kofia. Hakuna mwingine aliyevua. Akaanza na mvua. Akaja kwenye kichekesho, akakisoma kama alivyokuwa akikisimulia zamani stesheni, na watu, ambao walikuwa wamelia siku nyingi, wakacheka. Walicheka vizuri, kwa upendo, wakapigana mabega. Mmoja akadakia, "Shamba la Nabwile!" na kicheko kikaanza upya. Oundo akangoja kitulie ili awageuze. Akafungua ukurasa wa pili.

Dereva akapiga honi.

"Tunamshukuru sana mzee wetu," mchungaji akasema. "Ametukumbusha kwamba mama alikuwa mtu wa furaha. Sasa tusimame tuombe."

"Bado," Oundo akasema. "Mchungaji, hapo sijafika."

Lakini wimbo ulikuwa umeanza, na watu wenye nguvu walikuwa wameinua jeneza, na kicheko cha mwisho kilichomsindikiza Nabwile kutoka Voi kilikuwa kile kile kilichomfuata sokoni maisha yake yote. Kilikuwa kimeletwa na Oundo. Kavinya, upande wa pili wa ua, hakumtazama.

Alisukumana mpaka kwenye gari. Christabel alikuwa amekwisha kaa, miwani myeusi machoni. Oundo akapitisha karatasi dirishani.

"Pole, Baba," Christabel akasema. "Tutasoma tukifika."

"Mkifika mtakuwa mmechelewa." Akamgeukia Shantel, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. "Wewe una macho mazuri. Msomee mama yako. Anza pale penye ndengu, usisimame mpaka mwisho. Kabla hamjaingia barabara kuu."

"Sawa, Babu."

"Usiseme sawa. Soma."

Gari likaondoka, likafuatwa na vumbi na bodaboda. Watu wakaanza kukunja turubai na kuulizana viti ni vya nani. Oundo hakuwasaidia. Alishika njia ya mkato inayofuata reli ya zamani, akatembea juu ya mataruma kama alivyokuwa akitembea zamani, ila sasa kila moja lilikuwa mbali na jingine. Hakujua kama ameandika vizuri. Alijua tu kwamba ameandika mpaka mwisho. Alipopita mahali palipokuwa na benchi la mwisho pumzi ilimwishia, akasimama, akaendelea.

Alipofika mahali tangi linapoonekana, gari lilikuwa limesimama kando ya njia ya vumbi, milango wazi. Dereva alikuwa nje, mikono kiunoni, na safari hii hakupiga honi. Katikati ya vigingi vya wapimaji, pale penye jiwe ambalo jembe la Nabwile lilikuwa likilizunguka kila mwaka, Christabel alikuwa amepiga magoti na viatu vyake vya mazishi. Shantel alisimama nyuma yake, karatasi mkononi, midomo yake ikisogea. Alikuwa bado anasoma, au anarudia.

Oundo angeweza kuita. Mara ya kwanza alitumwa kuwaambia garimoshi haliji. Mara hii hakuwa na la kuwaambia. Alisimama upande wake wa reli, kofia mkononi, akamwona Christabel akifunga udongo kwenye leso, akainuka, akaingia garini bila kujipangusa magoti. Mtu mmoja alinyoosha mkono ampokee lile furushi aliweke nyuma na mizigo. Christabel akatikisa kichwa, akalipakata, na gari likaondoka nao.